Mke Mwenza wa Bati

Mwenzangu aliingia nyumba hii vipande vipande,
bila posa, bila ngoma,
mbavu zake mbao za masanduku ya chai,
ngozi yake madebe ya mafuta
niliyokuwa nimejiwekea ya kuchotea maji.

Futi sita na nusu, asema Kilua;
inchi moja yake ni inchi hamsini za ile ya kweli.
Chumba cha uani, Barabara ya Kumi na Tatu,
tulikijenga tupangishe.
Mpangaji ndiye huyu, manowari:
halipi kodi, haombi chumvi, hahami.

Miaka ishirini na saba mume wangu alinyoosha vyuma
karakana ya reli.
Sasa anashika kitu kidogo kuliko punje ya mchele,
anakipima,
anakitupa, kwa kuwa kimezidi.

Mizinga: sindano za zahanati, kazichemsha mwenyewe.
Vizuizi vya sitaha: spoki za baiskeli.
Kamba: mkonge alioupasua na kuupasua
hadi ukawa mvi.
Na ribiti, jamani, ribiti!
Tone la gundi, tone la gundi,
kwa ncha ya kijiti cha meno,
elfu nne na mia mbili ubavu wa kulia.
Wa kushoto nimekataa kuhesabu.
Bomba la jikoni linavuja tangu Rajabu.

Uliza mji huu habari za vita ile,
utaambiwa nyuki. Kila mtu ana nyuki wake.
Kilua hasemi nyuki.
Babu yake, Mwinjuma, alikuwa tumboni mwa meli,
mchochea makaa, kaajiriwa Unguja kwa rupia,
hakuambiwa wanakwenda bandari gani.
Tanuri halina dirisha.
Juu mizinga ikakohoa, yeye akatupia makaa.
Ikakohoa, akatupia.
Alipopandisha ndoo ya majivu
akakiona kisiwa cha Toten,
akaona moshi upande wa kwa mama yake.
Akamwaga majivu.
Akashuka.

Hayo aliyasema mara moja tu, ana homa,
kijukuu kikiwa kimeshika bakuli la uji.

Basi mwaka mzima Kilua hakugusa mizinga.
Alijenga matanuri,
milango yake inafunguka, bawaba ni pini,
saa za mvuke zina mishale ya unywele wa mbuzi.
Vyote vya kufunikwa na sitaha.
"Nani atayaona haya?"
"Si wewe umeshayaona."

Koleo lilimshinda. Bati nene, linakataa.
Nikampa hereni yangu iliyobaki,
mwenziwe alipotea msibani Pangani.
Akaigonga usiku kucha, taratibu,
kama anayemwamsha mtu asiyetaka kumshtua.

Mtu mwenyewe ni mpingo,
urefu pingili ya kidole gumba.
Uso hakumchonga.
Picha yake hatuna.

Usiku wa mwisho kabla ya kufunga sitaha
niliingia na tochi, peke yangu.
Nikasaga makaa ya jiko langu,
nikayapitisha kwenye chujio la chai,
nikamjazia ghala lake.
Nikakata pembe ya kanga, ukubwa wa kucha,
nikamtundika begani:
mwanamume gani anachochea moto
bila cha kujifutia jasho?

Asubuhi Kilua alichungulia.
Akakaa vile, bisibisi mkononi,
chai ikapoa.
Kisha akafunga skrubu ya kwanza.

Juzi alikuja kijana wa maonyesho,
kaizunguka mara tatu, mikono nyuma.
"Mbona haina watu?"
"Yupo mmoja," akasema Kilua. "Yuko kazini."

Tatizo ni ujia. Meli haikati kona.
Fundi kapima, kapima tena, kasema
bomoeni ukuta au ikatwe katikati.
Kilua akautazama ukuta.
Mimi nikaitazama meli, huyu mke mwenza,
na hereni yangu tumboni mwake.

"Ukuta," nikasema.
"Ila fundi, ukishika nyundo,
anzia lile bomba la jikoni."